Sakafu ya mbao za kompositi ikileta matata: tafuta chanzo kabla ya kufumua

Simu huwa zinafanana. "Fundi, hizi mbao ni feki, njoo uzitoe." Nikifika, iwe Ilazo au Iyumbu hapa Dodoma, nakuta sakafu ya bustani imepanda mgongo, au inanesa, au imejaa madoa, na mwenye nyumba ameshashauriwa anunue mzigo mpya. Mbao zenye kasoro ya kiwandani nilizowahi kuzikuta hazizidi vidole vya mkono mmoja. Mara nyingi shida huwa ni nafasi ambazo hazikuachwa, papi (zile za chini zinazobeba mbao) zilizopangwa mbalimbali mno, na udongo ambao hakuna aliyejisumbua kuuchimba auone.

Kwa wasiozijua: mbao za kompositi ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, mara nyingi polithini, ukapitishwa kwenye mashine ya joto ukatoka na umbo la ubao. Wauzaji wanaziita dekingi, neno lililomchanganya mama mmoja wa mtaa wa Kisasa akadhani namletea watu wa kupiga deki. Zipo zenye matundu ndani na zipo zilizojaa. Zipo zilizovikwa gamba la plastiki na zipo zisizo na gamba. Kabla hujaendelea kusoma, chungulia ncha iliyokatwa ya ubao wako. Ukiona rangi moja kutoka juu hadi chini, hauna gamba. Ukiona utando mwembamba umeuzunguka, una gamba. Usipojua hilo unaweza kuharibu sakafu kwa kile ulichodhani ni dawa.

Chukua futi, pima maji, uzi, bisibisi, tochi na penseli ya kawaida ya shule. Penseli ni ya kupimia nafasi, maana unene wake ni kama milimita 7, na ndiyo nafasi tutakayoitaja mara nyingi hapa.

Mbao zimepanda mgongo au ncha zimesukumana

Kwanza iangalie sakafu mara mbili kwa siku moja: saa kumi na mbili asubuhi, kisha saa nane mchana. Kama asubuhi imelala vizuri na mchana imepanda, tatizo ni joto na nafasi. Kama imepanda saa zote, ruka hadi kwenye habari za udongo na papi.

Ubao wa kompositi hutanuka kwa urefu kuliko ubao wa mti. Mti unacheza zaidi kwa upana, tena kwa sababu ya unyevu. Huu unacheza kwa urefu, kwa sababu ya joto. Hesabu ya mkono ninayotumia ni milimita 0.4 kwa kila mita moja, kwa kila nyuzi joto 10. Sasa fikiria Dodoma yetu. Alfajiri ya Julai joto hushuka hadi kama nyuzi 13 au 14. Oktoba jua likiwa utosini, ubao wa rangi ya kahawa iliyoiva unaweza kufika nyuzi 60 juu yake, ukiukanyaga bila viatu utarukaruka. Chukua tofauti ya nyuzi 40 tu, kwa ubao wa mita 2.9: unapata karibu milimita 5. Mbao tatu zikifuatana bila nafasi, sentimita moja na nusu inatafuta pa kwenda. Ukutani haiwezi kwenda, basi itapanda juu.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi za mninga na mkongo, ambako fundi hodari ni yule ambaye kiungo chake hakipitishi hata ukucha. Julai moja nikamjengea mwalimu mstaafu sakafu nyuma ya nyumba, chini ya mzabibu wake. Nilikata mbao saa mbili asubuhi, kibaridi kinauma, nikazibana ncha kwa ncha, nikasimama pembeni kujisifu. Mwishoni mwa Oktoba akanipigia: "Kijana, ulinijengea sakafu au tuta la viazi?" Nilipofika saa nane mchana nilikuta safu nzima imeinuka kati ya klipu na klipu (vile vishikizo vinavyoushika ubao kwenye papi), na mahali ncha mbili zilipokutana zimepandana kama kadi za karata. Nilijaribu kupitisha karatasi kwenye kiungo, haikupita.

Tiba yake haihitaji mbao mpya. Anza kufungua kutoka upande uliomalizia, legeza klipu, toa mbao za safu iliyosukumana na ukate ncha moja ya kila ubao. Unakata kiasi gani inategemea saa. Ukifanya kazi asubuhi ya baridi, acha nafasi ya penseli nzima kwenye kila kiungo, milimita 7 hadi 8. Ukifanya mchana wa Oktoba, ubao umeshatanuka karibu kiasi chote utakachotanuka, kwa hiyo milimita 3 hadi 4 zinatosha, na usiku nafasi itaongezeka yenyewe. Mimi napendelea kukata mchana hata kama jua linachoma, kwa sababu mbao zenyewe zinanionyesha mwisho wake. Ukutani, kwenye nguzo ya baraza na kwenye bomba la maji ya mvua acha milimita 10 au zaidi. Mafundi wengi huikumbuka nafasi ya ukutani wakaisahau ya kuzunguka nguzo, na nguzo moja tu inatosha kuizuia safu nzima.

Halafu kuna skrubu. Kila ubao unatakiwa kuwa na sehemu moja tu iliyofungwa moja kwa moja, katikati ya urefu wake, ili utanuke kwenda pande zote mbili. Kwingine kote klipu zinaushika usipande huku zikiuacha uteleze. Nikikuta skrubu zimepigwa kwenye ncha zote mbili kupitia juu, sihitaji kupima kitu kingine, ubao huo lazima ubinuke. Zitoe. Tundu litabaki, kweli. Liwekee kizibo cha mabaki ya ubao huohuo, au ugeuze ubao kama sura zote mbili zinafaa.

Wakati mwingine ubao ulifika ukiwa umeshapinda. Mzigo unatoka Dar es Salaam kama kilomita 450 juu ya lori, umewekewa vipande viwili tu vya kuulalia, na jua linaulainisha njia nzima. Ukiupokea, ulaze kwenye sakafu iliyo sawa, kivulini, siku moja au mbili. Kompositi hulainika kwa joto, na wingi wa mbao hizo hunyooka zenyewe kwa uzito wa wenzake. Usizisimamishe ukutani kama mabati.

Nafasi za viungo zimekuwa kubwa mno

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, iliyogeuzwa. Mbao zilifungwa mchana wa joto kali na fundi akaacha milimita 8 kwa kufuata karatasi ya kiwanda bila kutazama jua. Asubuhi za Juni unaona milimita 12, kisigino cha kiatu cha mama kinazama. Ikiwa nafasi ni kubwa upande mmoja na upande wa pili hakuna kabisa, basi ubao unatembea: haukufungwa ile skrubu ya katikati. Usukume urudi mahali pake kwa nyundo ya mpira na kipande cha mbao, kisha ufunge katikati. Ni kazi ya nusu saa.

Sakafu inanesa

Kuna watu wawili hapa wanaoshitakiwa kwa kosa moja, na lazima uwatenganishe. Simama katikati ya papi mbili, uruke kidogo. Mwenzako alale kifudifudi pembeni na tochi, atazame chini. Je, ni ubao unaopinda huku papi zimetulia, au ni papi yenyewe inayoshuka?

Kama ni ubao unaopinda, papi ziko mbali. Mbao zilizojaa huvumilia sentimita 40 kutoka katikati ya papi hii hadi katikati ya ile. Zenye matundu nazipangia 30, hata muuzaji akisema 40. Ukizilaza kwa mshazari, punguza ziwe 30 kwa zote. Mahali utakapoweka vyungu vikubwa vya maua, panga kwa sentimita 25. Mafundi wanaotoka kwenye kuezeka mabati wana mazoea ya kupanga papi mbalimbali, na jicho lao likiona sentimita 40 linaona ni kufuja mbao. Dawa ni kufungua na kuongeza papi katikati. Hakuna njia ya kupitia juu.

Kama papi ndiyo inayoshuka, jiulize imelalia nini. Zile papi za kompositi zinazouzwa pamoja na mbao, zenye upana wa sentimita 4 au 5, hazibebi uzito zikiwa hewani. Zimetengenezwa zilalie zege urefu wote. Nimekuta zimewekwa juu ya matofali, tofali moja kila mita, kama daraja. Zinashuka taratibu kila mchana wa joto, na zikishashuka hazirudi. Ukitaka kupita juu ya hewa, tumia skwea paipu ya chuma au mbao za mbili kwa nne zilizotiwa dawa, zikisimamishwa kwa ubavu.

Na chini ya vyote hivyo kuna udongo. Dodoma ina sura mbili. Sehemu zilizoinuka zina udongo mwekundu wa kichanga, mzuri, ukiushindilia unatulia. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono na mvua ikija unavimba. Sisi hatuna vuli na masika ya kupokezana, mvua yetu ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, jumla yake kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Maana yake udongo huo unakauka kwa miezi saba, kisha unalowa ghafla. Sakafu iliyojengwa juu yake inapumua mara moja kwa mwaka, pumzi ndefu.

Kuujua ni rahisi. Chimba hadi magotini, chukua donge, lilowanishe, lifikiche kati ya viganja kama unatengeneza uzi. Ukikatika mapema, una mchanga, shukuru. Ukipata kamba ndefu inayong'aa, isiyopasuka, una mbuga. Jamaa mmoja kule Nzuguni alikuwa na bustani yenye vyote viwili. Nusu ya sakafu yake ilitulia kabisa, nusu ya pili ilishuka sentimita 4 kila kiangazi na kurudi kila Februari. Alikuwa ameshabadilisha mbao mara mbili.

Kwenye mbuga una njia mbili. Ya kwanza ni kuuondoa ule udongo mweusi, kujaza moramu, kile kifusi cha changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ukimwagia maji kidogo na kushindilia, kisha jamvi la zege lenye nondo juu yake. Inafaa, lakini ni ghali, na kama maji ya paa bado yanamwagika pembeni umejisumbua bure. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kwa bustani: fremu ya skwea paipu inayosimama juu ya vibao vya zege, kila mguu ukiwa na boliti ndefu na nati mbili. Udongo ukishuka, unalala chini na spana, unazungusha nati, unaangalia pima maji, umemaliza. Yule wa Nzuguni sasa anafanya mwenyewe kila Novemba kabla ya mvua. Sehemu zote zilizokatwa na kuchomelewa zipakwe redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya kuweka mbao, kwa sababu baadaye brashi haitafika.

Ukiwa unarekebisha msingi, weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Mvua ya hapa haidondoki kwa adabu. Inakuja saa moja ikiwa imekasirika.

Milio na kukwaruza

Mlio wa "tak" mmoja jioni jua likizama ni mbao zinasinyaa, hauna madhara. Mlio kila unapokanyaga ni klipu iliyolegea au mchanga ulioingia kati ya klipu na mfereji ulio ubavuni mwa ubao. Upepo wetu wa Agosti unaingiza vumbi kila mahali. Puliza kwa pampu ya hewa, kaza skrubu za klipu kwa mkono, si kwa drili, kwa sababu drili hupitiliza na kuvunja tundu. Kama papi za chuma zinalia zikisuguana na ubao, weka ukanda mwembamba wa mpira mgumu juu ya papi kabla ya kufunga.

Mchwa

Mteja akiniambia mchwa wamekula kompositi naomba anionyeshe. Unga wa mbao uliomo umezungukwa na plastiki, mchwa hapati raha nao. Anachokula ni papi za paina zilizo chini. Utaona vijia vya udongo vinapanda kutoka ardhini hadi kwenye papi, na ukigonga papi inatoa sauti ya debe tupu. Dunga bisibisi. Ikizama hadi mpini, hiyo papi imebaki ganda.

Oili chafu ya gari, ambayo kila fundi wa hapa anaiamini, naikataa kwenye kazi hii. Haidumu, na joto likipanda inatambaa hadi kwenye ubao wa juu ikaacha doa jeusi lisilotoka. Ukishang'oa papi zilizoliwa, weka za chuma, au paina iliyotiwa dawa kwa mgandamizo, na zile ncha ulizokata upya zipake dawa tena maana ndani ya ubao dawa haikufika sawasawa. Acha nafasi ya kutosha mkono na tochi kati ya udongo na papi ili vijia vionekane mapema. Na tafadhali, mafundi wenzangu, msifukie vipande vya mbao na mifuko ya saruji chini ya sakafu mkidhani mnasafisha. Mnawaandalia mchwa karamu ya kufungulia.

Ncha zimevimba au maji yanatoka ndani

Ubao usio na gamba hunywa maji kupitia ncha iliyokatwa, kidogo kidogo, hasa ukiwa umegusana na udongo au majani yaliyooza kwenye nafasi. Kwa hiyo kuvimba kwa ncha ni habari ya nafasi iliyoziba. Chukua kijiti chembamba upitishe kwenye viungo vyote kabla ya Desemba, utoe majani ya mwarobaini.

Zile zenye matundu zina vituko vyake. Pale Miyuji nilitoa kifuniko cha ncha moja, maji ya rangi ya chai yakamiminika miguuni mwangu kama birika limepinduka, yakifuatiwa na jongoo wawili na kiota cha nyigu kilichotengenezwa kwa udongo. Mbao zilikuwa zimelazwa usawa kabisa, bila mteremko, na vifuniko vimepakwa gundi kuzunguka pande zote. Maji yaliyopenya hayakuwa na njia ya kutoka. Laza mbao urefu wake ufuate mteremko, vifuniko uviweke ili wadudu wasiingie, ila kile cha upande wa chini usikipake gundi chote.

Madoa

Hapa ndipo watu wanapoharibu sakafu nzima kwa hasira.

Doa la rangi ya chai linalotokea baada ya mvua ya kwanza ni rangi ya asili ya mbao inayotoka kwenye ule unga. Linaonekana kwenye mbao zisizo na gamba, linatiririka hadi ukutani na kwenye vigae. Liache. Mvua kadhaa zitalimaliza, au maji na sabuni kila wiki. Kinachohitaji kulindwa ni ukuta mweupe ulio chini yake.

Utando mweupe wenye chumvichumvi ni wa maji. Visima vya mji huu, iwe vya Makutupora au vya majumbani, vina maji magumu, na mwenye nyumba anayemwagilia sakafu kila jioni ili ipoe anaipaka chokaa kwa mpira wa maji. Siki na maji, nusu kwa nusu, brashi laini, dakika kumi, suuza, kisha ufute kwa kitambaa. Ukisuuza kwa maji yaleyale ya kisima ukayaacha yakauke juani, umeongeza tabaka. Maji ya mvua kwenye simtanki ndiyo yanayosuuza vizuri.

Mafuta ya nyama choma hayasubiri kesho. Maji ya moto yenye sabuni ya vyombo usiku uleule, kabla wageni hawajaaga ikiwezekana. Kwenye mbao zenye gamba yanatoka kirahisi. Kwenye zisizo na gamba yakishazama, unaweza kupitisha msasa kwa kufuata mistari ya ubao, na ujue sehemu hiyo itakuwa na rangi tofauti kwa miezi. Kwenye zenye gamba msasa ni marufuku, utalichubua gamba na hakuna rangi ya kulirudisha. Jiko la mkaa lenyewe liwekee bamba la chuma lenye miguu au vigae chini. Kaa moja likidondoka linayeyusha shimo, na hapo hakuna tiba ila kugeuza ubao au kuweka mwingine.

Vidoti vyeusi kivulini ni ukungu, na chakula chake ni vumbi na majani yaliyobaki juu, hivyo fagia kwanza, osha baadaye. Doa la mraba lenye umbo la zulia la mlangoni limetoka kwenye mpira wa chini ya zulia, wala halitoki, badilisha zulia uliwekee la nyuzi tupu. Mashine ya kuoshea magari itumie kwa shinikizo dogo na pua yake iwe mbali angalau sentimita 30. Nimeona ubao uliochorwa mistari mieupe kama pundamilia na kijana aliyekazana kutoa tope.

Imepauka, inachoma miguu, inapiga shoti

Mbao zisizo na gamba hupauka miezi ya mwanzo kisha zinatulia. Ikiwa kipande kimoja tu kimepauka na kupinda, tazama dirisha la karibu: vile vioo vya kiza vinavyoakisi kama kioo cha kujitazamia vinaongeza joto la pili mahali hapo. Funga pazia la nje au panda mti. Kuchoma miguu hakuna dawa baada ya kununua, ila kivuli. Kabla ya kununua, chagua rangi ya mchanga badala ya nyeusi, usidanganywe na picha za nchi za baridi.

Shoti ndogo ukigusa kitasa cha chuma baada ya kutembea juu ya sakafu si umeme wa nyumba. Ni msuguano wa viatu kwenye plastiki wakati hewa imekauka, nasi kuanzia Juni hewa yetu imekauka kweli. Ukishaanza msimu wa mvua inaisha.

Ukilazimika kutoa ubao mmoja wa katikati

Klipu zimefungana pande mbili, kwa hiyo huwezi kuunyanyua tu. Ama ufungue kutoka pembeni ubao baada ya ubao hadi uufikie, ama, kama uko mbali, uweke kina cha msumeno wa duara sawa na unene wa ubao, milimita 22 hadi 25, upasue kwa urefu katikati ukiruka juu ya papi, umalizie hapo kwa patasi. Utoe vipande viwili. Ubao mpya uondolee mdomo mmoja wa chini wa mfereji kwa upande mmoja, uuingize kwa mshazari kwenye klipu za upande wa pili, ulaze, kisha upande ulioondolewa mdomo uushike kwa skrubu moja tu katikati ya urefu, tundu likitobolewa kwanza na liwe pana kidogo kuliko skrubu. Bila kutoboa kwanza, uso wa ubao utavimba kuzunguka kichwa cha skrubu kama jipu.

Rangi ya ubao mpya haitafanana na wa zamani. Ndiyo maana nawaambia wateja wanunue mbao tatu au nne za ziada kutoka mzigo uleule, wazilaze nje zipauke pamoja na zile za sakafuni. Yule mwalimu wangu alizilaza zake nje, nyuma ya banda la kuku, juani kama wenzake walio sakafuni. Mwaka wa tatu, mkaa ulipodondoka, tuliweka mmoja wake na hadi leo nikienda kula zabibu zake siwezi kuutambua ni upi.